Kahawia kwenye Slaidi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha alfajiri, nami nimerudi kazini asubuhi yake, miaka sita tangu waniage kwa keki na saa ya ukutani. Mkuu wa idara nilimfundisha mimi, na mpaka leo hukaa wima nikiingia. Ameniomba nishike maabara kwa muhula huu mmoja, kwa kuwa msimamizi wake amelazwa kwa ajili ya mgongo.

Nimekuta watu wawili. Wa kwanza ni fundi wa maabara tunayemwita Nta tangu zamani, kwa sababu kazi yake ni kuzamisha vipande vya mwili wa binadamu ndani ya nta ili vikatike vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Ameongezeka mvi na tumbo, mzaha haujapungua. Wa pili ni mwanafunzi wa uzamivu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye Nta humwita Kamanda. Nimeelewa sababu kabla ya saa ya chai. Ameniamkia vizuri sana, kisha akanionyesha kiti changu, ratiba yangu, na mahali ambapo nisiweke mkoba.

Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu, ambaye tunaishi naye tangu tulipobaki wajane wote wawili, husoma shajara hii nikiwa kazini na hukana katakata. Basi nitaeleza hapa hapa, nisije nikaulizwa mezani.

Kamanda anachunguza kondo la nyuma, yaani kile kinachomlisha mtoto tumboni na kutoka baada yake. Anataka kujua kwa nini akina mama wengine hupata presha ya mimba. Anaamini kwamba kondo la mama mwenye presha limeharibiwa na oksijeni. Hilo linashangaza wengi, kwa kuwa oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Lakini oksijeni hiyo hiyo ndiyo inayochachusha mafuta ya kupikia yakiachwa wazi kabatini. Kila seli ya mwili imezungukwa na ukuta mwembamba wa mafuta. Kwa kawaida mwili huyalinda yasichache. Ukizidiwa, yanachacha, na masalia yake yanang'ang'ania protini zilizo jirani. Huko kuzidiwa ndiko tunakokuita mkazo wa oksidi, na yale masalia ndiyo alama yake.

Alama hiyo haionekani, hata kwa hadubini. Ndipo inapoingia kingamwili. Sungura hudungwa ile alama, na damu yake hutengeneza kingamwili ambayo kazi yake ni kuitafuta alama hiyo na kuishika, si kitu kingine. Sisi tunainunua ikiwa ndani ya kichupa kifupi kuliko kidole gumba. Tunaidondoshea kwenye kipande cha kondo kilichobandikwa juu ya slaidi, yaani kioo chembamba cha hadubini, tunaosha, kisha tunaweka dawa ya rangi inayoifuata popote iliposhika. Palipochacha panakuwa kahawia. Pasipochacha panabaki na buluu hafifu tunayopaka kila kitu.

Hivyo tu. Kahawia, pamechacha. Buluu, salama.

Jumatano, 6 Machi

Wakati wa chakula mdogo wangu ameniuliza kama hiyo kingamwili si pua ya sungura iliyotiwa chupani. Nimemwambia ndiyo, hasa. Hakueleza swali limetoka wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo Kamanda amenikalisha kwenye hadubini na kunipitisha slaidi moja baada ya nyingine. Sijapata kuona picha safi hivyo kwa mwanafunzi. Makondo ya akina mama wenye presha yamejaa kahawia. Ya akina mama wazima yametulia buluu. Hata mdogo wangu angeweza kuyapanga bila kuambiwa yapi ni ya nani.

Nimemuuliza anatarajia kumaliza lini. Amejibu kwamba atatetea tasnifu mwisho wa Mei, na kwamba hilo si tarajio, ni lazima. Ana binti wa miaka minne anayelelewa na mama yake katika mji wa kwao, safari ya basi ya kutwa na usiku kucha. Katika mji huo huo kuna chuo cha wauguzi kilichokwisha kumpa kazi ya kufundisha kuanzia Julai, kwa sharti moja, awe amepata shahada. Akifaulu Mei, Juni anafunga mizigo na kwenda kuishi na mwanawe. Asipofaulu, nafasi anapewa mwingine na yeye anabaki huku.

Kila siku saa sita mchana huenda kwenye kibaraza cha nyuma na simu. Nta na mimi tunajifanya hatusikii. Leo nimesikia anaimba namba, moja mpaka kumi, kwa sauti ambayo sikudhani anayo.

Nimempenda kwa bidii yake. Lakini nimeondoka na wasiwasi kwamba huyu anapenda jibu kuliko swali.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Njia ya kutoka wodi ya wazazi hadi maabara imejaa maji, watu wanavuka juu ya matofali.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Umeme umekatika mara mbili. Jenereta imewaka mara moja.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeipata slaidi iliyonikosesha raha. Ni kondo namba kumi na saba. Mama yake alikuwa mzima, presha ya kawaida, mtoto kilo tatu na ushee, wote walirudi nyumbani kesho yake. Lakini kondo lake ni kahawia kote, kahawia nzito kuliko hata la mgonjwa.

Nimemuuliza Kamanda. Hakuinua kichwa.

"Hilo ni la kutupa, Mwalimu. Liliharibika."

"Liliharibikaje?"

"Sijui. Lakini yako makondo ishirini ya wazima yanayosema kitu kimoja, na hili moja linalosema kivyake."

Nimemwambia kwamba makondo hayapigi kura. Nta amecheka, yeye hakucheka. Nikamweleza, kwa urefu nadhani, kwamba kitu kimoja kinachokataa kupangika ndicho pekee chenye habari mpya, na kwamba hatutupi kitu mpaka tujue kosa lake. Amesikiliza kwa adabu huku mguu wake ukitikisika chini ya meza.

Nimekwisha kumshuku mhalifu, na ni kile kichupa tunachokihifadhi kwenye friza. Umeme umekatika mara ngapi msimu huu? Kingamwili ikiyeyuka na kuganda tena na tena inaharibika, inaanza kushika kila inachokutana nacho, kama mlevi anayewakumbatia wasafiri wote kituoni. Nimeagiza majaribio yarudiwe.

Jumatano, 27 Machi

Jaribio la kwanza. Nimechanganya kingamwili na alama yenyewe kabla ya kuiweka kwenye slaidi. Mantiki ni kwamba kama ni nzima, itaishika alama niliyoipa, mikono itajaa, na ikifika kwenye kondo haitaweza kushika tena. Ikishika bado, basi inashika ovyo.

Slaidi zote zimetoka buluu. Namba kumi na saba pia.

Maana yake kichupa ni kizima. Sikuridhika.

Ijumaa, 29 Machi

Jaribio la pili. Slaidi bila kingamwili kabisa, dawa ya rangi peke yake. Buluu tupu. Kamanda ameziweka mbele yangu na kwenda kupiga simu yake.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeagiza kichupa kipya, kutoka kwa sungura mwingine. Nimeueleza uongozi kwamba kingamwili ya aina hii haifanani kutoka sungura hadi sungura, na sungura akifa hakuna wa kumrithi. Mhasibu ameniuliza kama ninaweza kutumia mbuzi.

Alhamisi, 11 Aprili

Kichupa kimekwama uwanja wa ndege. Mvua. Mdogo wangu ana mafua na anataka kila mtu ajue.

Jumatatu, 15 Aprili

Kichupa kimefika, barafu yake bado ngumu. Tumepaka slaidi zote upya, watatu sisi, kutwa nzima. Majibu ni yale yale. Wagonjwa kahawia, wazima buluu, namba kumi na saba kahawia. Nta ameinua kile kichupa cha zamani na kukiomba radhi kwa niaba ya idara, maana sungura wa kwanza alisingiziwa.

Kamanda hakuona cha kuchekesha. Alivua glavu na kuniambia, taratibu kabisa:

"Mwalimu, karibu mwezi mzima tumeuliza chupa swali moja, nayo imejibu vilevile. Wewe umestaafu, una muda. Mimi sina."

Nta aligeukia dirisha. Nilimwambia amechoka, aende nyumbani mapema. Akaenda.

Nyumbani nimemsimulia mdogo wangu, ili nipate wa kunionea huruma. Alisafisha pua kwanza. Kisha akasema, "Dada, kwani amekosea wapi?" Nikaenda kulala.

Jumatano, 17 Aprili

Ameniomba msamaha asubuhi, mimi nami nimemwomba. Nimemwambia kwamba chupa nimeifuta kwenye orodha ya washukiwa, na kwamba labda namba kumi na saba ina historia yake tusiyoijua. Kama anataka kulitupa kondo lile, aende kwanza wodi ya wazazi akamuulize mkunga mkuu anakumbuka nini kuhusu siku ile. Akirudi mikono mitupu, nitamruhusu alitoe, na sababu tutaiandika wazi.

Alifurahi. Alichukua mwavuli pale pale, ingawa mkunga yuko zamu kuanzia kesho.

Ijumaa, 19 Aprili

Kamanda alikwenda wodini jana alasiri. Leo hakuja.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakuja. Nta amempigia, amesema anaumwa kichwa. Mvua kubwa, maji yameingia mpaka stoo ya kemikali.

Jumanne, 23 Aprili

Amekuja kabla ya watu wote na kunisubiri mlangoni, viatu vimelowa. Aliomba tuzungumze kwenye chumba cha nta, ambako kuna joto na hakuna anayeingia bila kubisha. Nitayaandika yote jinsi alivyoyasema, kwa sababu sijawahi kufundishwa kitu kwa namna hii.

Alimkuta mkunga mkuu anakunja mashuka. Alipomtajia tarehe na mtoto, mkunga alikumbuka mara moja. Siku ile vitanda viwili vilikuwa na watu, vimekaribiana. Mama wa namba kumi na saba alijifungua salama, kondo likatoka zima. Dakika hiyo hiyo mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa na presha, alianza kutetemeka mwili mzima. Ilikuwa kifafa cha mimba. Mkunga aliliweka lile kondo kwenye beseni, beseni akaliweka dirishani, akakimbia. Wote walikimbia. Walihangaika na yule mama mpaka akatulia na mtoto akatolewa. Ndipo waliponawa, wakakumbuka beseni, wakampigia Kamanda simu aje alichukue kondo.

Hapo nikadhani tumemaliza. Kondo lilisubiri dirishani, mafuta yake yakachacha, kingamwili ikaona kilichochacha. Sababu safi, na tuna haki ya kulitoa. Nikamwambia hivyo, na nikampongeza.

Akatikisa kichwa. Alisema kwamba hata yeye alishukuru na kuaga. Alikuwa amefika mlangoni ndipo wazo lilipomrudisha, akauliza jambo moja zaidi. Akamuuliza mkunga: na wale wenye presha wenyewe, makondo yao, huwa mnanipigia saa ngapi?

Mkunga alimwangalia kana kwamba ameuliza maji yanalowesha au vipi.

"Tukishamaliza na mama. Ulitaka tukupigie kwanza wewe, mwanangu?"

Nilikaa juu ya sanduku la nta.

Niandike wazi, kwa ajili ya msomaji wangu wa siri. Tangu mwanzo Kamanda aliandika muda ambao kila kondo lilingoja kabla ya kutiwa formalini, dawa inayosimamisha kila kitu kama kilivyo. Na kila mara muda ulikuwa mfupi, maana simu ikilia alikuwa anakimbia kwelikweli. Lakini saa yake ilianza kuhesabu simu ilipolia. Mama mzima anapojifungua, mkunga ana nafasi. Anapiga simu kondo likiwa bado na joto. Mama mwenye presha anapojifungua hakuna mwenye nafasi, mikono yote iko juu yake, na ndivyo inavyopasa. Kadiri mama anavyokuwa hatarini, ndivyo kondo lake linavyosahaulika zaidi. Zile slaidi zetu nzuri, zinazojipanga zenyewe, huenda hazioneshi ugonjwa hata kidogo. Huenda zinaonesha tu jinsi wakunga wanavyofanya kazi yao vizuri.

Na mimi, mwenye miaka yangu yote hii, nilikaa nikihoji chupa.

Kamanda hakuwa amemaliza. Alisema kwamba tangu Alhamisi hakuumwa kichwa. Alikuwa amelala chini akitazama dari. Mkunga hakuelewa uzito wa alichosema. Nta hajui. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpa ruhusa: rudi na sababu, tutalitoa namba kumi na saba. Sababu aliyonayo ni ya kweli kabisa, na hakuna ambaye angemuuliza swali la pili.

"Nilipanga nikuambie nusu ya kwanza tu," alisema. "Jumamosi nilikuwa nimeamua. Jumapili mwanangu akaniuliza kama kule tutakakoishi kuna bembea. Nikamwambia ipo. Halafu nikashindwa kula."

Nilizoea kumwona kama mtu anayependa jibu lake. Wakati nilipopewa nusu ya jibu, mimi ndiye niliyelipokea na kupongeza. Aliyegeuka mlangoni ni yeye.

Nikamwambia bado ni dhana. Kondo linaweza kusubiri na ugonjwa ukawepo vilevile. Tuipime dhana hii kama tulivyoipima chupa, kisha tuone. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia ukweli, wiki moja na nusu kama umeme ukikubali.

Alhamisi, 25 Aprili

Mpango ni huu. Tunaomba kondo la mama mzima kwa idhini yake. Mkunga anampa Kamanda mkononi linapotoka. Kamanda analikata vipande. Kipande cha kwanza kinatumbukizwa kwenye formalini pale pale. Vingine vinabaki kwenye beseni, juu ya dirisha lile lile, na kila kimoja kinangoja kuliko mwenzake. Mtu mmoja, kondo moja, tofauti ni kungoja tu. Nta atazamisha na kukata. Mimi nitapaka bila kujua kipi ni kipi.

Ijumaa, 26 Aprili

Akina mama watatu wamekubali. Mmoja alitaka kujua kama tutamrudishia. Kamanda alimweleza kila hatua akiwa amechuchumaa kando ya kitanda, bila kuharakisha. Nilisimama mlangoni na sikuwa na la kuongeza.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Nta amekuja kazini hata hivyo, amesema nyumbani kwake wanapaka rangi. Kwa jinsi ninavyomjua, hakuna nyumba inayopakwa.

Ijumaa, 3 Mei

Tumetazama slaidi, watatu, tukipokezana kiti. Nimezipanga kwa kahawia yake, kuanzia iliyofifia hadi nzito, kisha Kamanda akasoma namba za nyuma. Mpangilio wangu ulikuwa mpangilio wa kungoja, kwa makondo yote matatu. Vile vipande vilivyongoja zaidi, vya akina mama ambao hawajawahi kuwa na presha, huwezi kuvitofautisha na slaidi zake za wagonjwa.

Nta alisema polepole kwamba basi ile kingamwili ni nzuri mno. Kamanda alisema ndiyo, haina kosa lolote. Alifuta lenzi, akafunika hadubini. Ilikuwa imekaribia saa sita, akaenda kibarazani. Hakuimba namba. Alisikiliza tu, kwa muda mrefu.

Jumatatu, 6 Mei

Mkuu wa idara ametuita. Nilimweleza kila kitu, naye alielewa upesi, hakuwa mwanafunzi mbaya. Kisha akaanza kuzungusha maneno. Alisema ni jambo la maana na liandikwe, sentensi moja au mbili, kwenye sehemu ya mapungufu ya utafiti, mwishoni. Kila utafiti una mapungufu. Alisema ratiba ya utetezi imekwisha kutangazwa na mtahini wa nje amekwisha kukata tiketi. Alimkumbusha Kamanda, kwa upole wa kweli, kuhusu kazi inayomngoja na mtoto. Alisema kwamba tasnifu iko mezani kwangu inasubiri saini, na uamuzi ni wangu, maana ndiye msimamizi kwa sasa.

Sitamfanya mtu mbaya. Anampenda mwanafunzi huyu na alikuwa anatafuta mlango wa kumpitishia.

Nilikuwa nimejiandaa kukataa, na nilikuwa nimeandaa hotuba. Kamanda aliniwahi. Alimwambia Mkuu anashukuru, ila sentensi mbili mwishoni hazitoshi kwa jambo linalobomoa sura nne za mwanzo. Aliomba tarehe ibaki ile ile, na aruhusiwe kuyaeleza majaribio ya dirishani kwanza, kabla ya mengine yote. Mkuu alimuuliza kama anajua mwisho wake utakuwaje. Akasema anajua.

Kwenye ngazi nilimshika mkono. Nilimuuliza kama amemwambia mama yake. Bado, alisema. Akisema mapema, mama atamshawishi.

Jumanne, 14 Mei

Anaandika. Mimi nasoma na kurudisha. Mvua imeanza kupungua, asubuhi tunapata hata jua kidogo.

Jumapili, 19 Mei

Kamanda na Nta wamekuja kula kwetu. Mdogo wangu alimhoji Kamanda kuhusu pua ya sungura kama mtahini aliyesomea, na Kamanda akanitazama mimi. Nikatazama sahani.

Ijumaa, 24 Mei

Utetezi. Chumba kilijaa, wengi wamekuja kwa sababu ya picha za slaidi zake zilizokuwa zimebandikwa kwenye ukuta wa idara tangu Februari. Kamanda alianza na beseni. Alionesha vipande vya kondo moja, kutoka buluu hadi kahawia, na kusema vyote ni vya mama mmoja mwenye afya. Ndipo alipoweka slaidi zake za zamani kando ya vipande hivyo, akawaacha watu watazame.

Mtahini wa nje, mwanamke mkavu mwenye miwani ya kamba, alimngoja amalize. Kisha akauliza.

"Kwa hiyo, kwa miaka mitatu, ulichopima ni nini?"

"Nilipima muda ambao kondo lilingoja wakati mama anaokolewa."

"Na presha ya mimba, inachachusha mafuta ya kondo au haichachushi?"

"Sijui. Nilidhani najua."

Aliulizwa mengine mengi, akajibu yote amesimama. Tulitolewa nje. Kwenye korido Nta alisimulia kisa kirefu cha mbuzi wa mhasibu ambacho hakuna aliyekisikiliza. Tuliporudishwa, mwenyekiti alisoma. Jopo limeridhika na umahiri wa mtahiniwa. Shahada haiwezi kutolewa kwa data zilizopo. Mtahiniwa anapewa mwaka mmoja kukusanya makondo mapya kwa utaratibu utakaokubaliwa. Mtahini wa nje aliongeza, bila kutabasamu, kwamba angependa yeye mwenyewe kurudi kulisikia jibu, lolote litakalokuwa.

Mkuu alimpa mkono na kusema mwaka si mwingi. Kamanda alisema asante. Alikwenda kibarazani na simu, mimi nikamfuata na kusimama mbali kidogo kwa sababu sikutaka awe peke yake.

Alimwambia mama yake kwa maneno machache. Hapana, Mama, sijafeli, lakini siji. Mwaka. Ndiyo, kazi watampa mwingine. Hapana, hakuna aliyenionea. Kisha akasikiliza. Nilimwona anaegemea nguzo.

"Anasema nini?" nilimuuliza alipokata.

"Anasema yeye anaweza kupanda basi kama watu wengine."

Jumatano, 29 Mei

Mdogo wangu ameamua kwamba chumba cha uani, kilichojaa vitambaa vyake vya kushonea, kinatosha watu watatu kikisafishwa, Kamanda, mama yake na mtoto. Mimi nimejulishwa tu. Mkuu ameniomba nibaki mwaka mwingine. Nimemwambia nitafikiri, na kabla sijafika getini nilikuwa nimerudi kumwambia ndiyo.

Jumatatu, 3 Juni

Utaratibu mpya umekubaliwa na wakunga. Simu inapigwa mama mwenye presha anapoingizwa leba, siyo kondo linapotoka. Kamanda anasimama kwenye kona ya leba na chombo chake cha formalini, haguswi, hagusi mtu, haulizi kitu, mpaka kondo litoke. Mkunga mkuu amemwekea sharti moja la ziada. Wakihitaji mkono, aweke chombo chini na kusaidia, na hilo kondo ahesabu limepotea. Kamanda amelikubali na kuliandika kwenye utaratibu kama kifungu cha kwanza.

Jumapili, 16 Juni

Wamefika jana, bibi na mjukuu, na masanduku mawili na godoro ambalo hakuna aliyewaambia walete. Mtoto ana macho ya mama yake na amri zake pia. Mpaka asubuhi alikuwa amekwisha kumwonesha mdogo wangu mahali pa kuweka cherehani.

Leo mchana tulikuwa mezani sote, simu ya Kamanda ikalia. Alisikiliza, akasimama, akanawa mikono. Mtoto alimuuliza anakwenda wapi. Akamwambia kuna mtoto anataka kuzaliwa. Mtoto akauliza ni wa nani. Akamwambia ni wa mama yake, akachukua chombo chake na kutoka, na tukamsikia anakimbia mpaka njia panda.

Mtoto hakulia. Alikuja akasimama mbele yangu akataka maelezo. Nilimpakata nikamweleza kuhusu mafuta yanayochacha, na sungura, na rangi ya kahawia, na kwa nini lazima mama yake awe pale kabla ya kitu kutokea. Bibi yake alisinzia. Mdogo wangu alisikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Mtoto alinivumilia mpaka mwisho, kisha akauliza mama anarudi saa ngapi.

Nilimwambia sijui. Inategemea hali ya yule mama mwingine. Akiwa mgonjwa sana, watakaa naye mpaka apone kidogo.

Alilifikiria hilo. Akasema basi wamtibu kwanza, sisi tungoje. Akashuka, akavuta kiti chake mpaka dirishani.

Saa hii ninapoandika bado yuko pale, na Kamanda hajarudi.